Maswali yenu: mbona shujaa wa komiki akipata ulemavu lazima apone?

Mwezi huu barua zimekuja nyingi na karibu zote zinazunguka jambo moja, kwahiyo nimeziweka pamoja. Nimezifupisha kidogo, maana sijaigusa.

SWALI (msomaji, Mwanza): Shikamoo dada. Mi ni mpenzi wa Batman tangu niko shule ya msingi. Kijiweni kwetu kuna ubishi haujaisha mpaka leo, mwenzangu anasema Batgirl, yule msichana shujaa wa upande wa Batman, alipigwa risasi na adui wao Joker akapooza, akawa mtu wa wilichea miaka kibao. Mi nasema huo uongo sababu vitabu nilivyonavyo anaruka maghorofa kama kawaida. Nani yuko sahihi? Na kama kweli alipooza, aliponaje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Wote wawili mko sahihi, inategemea tu kitabu ulichoshika kimetoka mwaka gani, na ngoja nikueleze stori yote sababu ndani yake ndo kuna mzizi wa karibu kila barua niliyopata mwezi huu.

Mwaka 1988 DC, kampuni inayotoa komiki za Batman, walitoa kitabu kinaitwa The Killing Joke. Humo Joker anagonga mlango wa nyumba ya Kamishna Gordon, mkuu wa polisi wa Gotham, mji wa Batman, binti yake Barbara anafungua, anapigwa risasi inaharibu uti wa mgongo. Barbara ndo Batgirl mwenyewe ila siku hiyo hakuwa kazini, yuko tu kwao na baba yake, na Joker wala hakuwa na shida na yeye, alichotaka ni kumtia wazimu mzee. Kwahiyo ile risasi haikuwa hata stori ya Barbara, aliumizwa ili mwanaume mwingine aumie, alaf kitabu kinaisha hakuna aliyekaa naye kumuuliza kesho ataamkaje, ataingiaje bafuni, atafanya nini na maisha yake.

Kuna waandishi wawili, mke na mume, Kim Yale na John Ostrander, hilo halikuwakaa sawa. Mwaka 1989 kwenye komiki nyingine ya DC, Suicide Squad, wakaanza kuleta mtu ambaye haonekani, yuko ndani ya kompyuta tu, anajua siri za kila mtu, anajiita Oracle, na baadae ndo wasomaji wakaja kujua kumbe ni Barbara. Hapo ndo nilipompendea mimi. Hakurudi kama mgonjwa wa kuonewa huruma, alirudi na kazi. Anakaa kwenye mnara wa saa pale Gotham, kompyuta zimemzunguka, na kumbuka hiyo ni miaka ambayo watu wengi duniani hata intaneti hawaijui, Batman mwenyewe akikwama taarifa anamtafuta yeye, na kuanzia 1996 ana timu yake, Birds of Prey, yeye anapanga na kuongoza, Black Canary anakwenda uwanjani. Alijifunza kupigana na fimbo mbili fupi akiwa amekaa. Anapenda, anakasirika, anakosea, ana siku anaamka vibaya. Mtu kamili.

Sasa katikati ya hiyo miaka, 1993, adui anaitwa Bane anamvunja Batman mgongo. Mgongo ule ule, mji ule ule. Mwaka uliofuata Batman yuko juu ya paa anapiga watu, kaponaje? Alikuwepo daktari anaitwa Shondra Kinsolving mwenye kipaji cha kuponya kwa nguvu za akili, kamponya, stori ikaendelea. Wasomaji wakauliza swali la haki kabisa: ulimwengu huu una wachawi, una watu wa sayari nyingine, una kisima cha Lazarus kinachofufua mpaka wafu, mbona Bruce, yaani Batman, kapona na Barbara hajapona? Mi nadhani jibu la kweli ni kwamba Batman ndo anayeuza vitabu, lazima asimame, na Barbara alikuwa mwanamke wa pembeni ambaye kumuacha vile hakukumgharimu mtu kitu. Ni dhuluma, siipambi. Lakini ile ile dhuluma, mikononi mwa waandishi waliomjali, ikazaa kitu ambacho wasomaji wenye ulemavu hawakuwa nacho kabla, shujaa wa wilichea ambaye wilichea haikuwa adhabu yake wala fumbo la kufumbuliwa mwishoni, ilikuwa ni namna yake ya kwenda kazini.

Ikadumu zaidi ya miaka 20. Septemba 2011 DC wakaanzisha upya vitabu vyao, vyote 52 kuanzia namba moja, na Barbara akawa Batgirl tena, anakimbia, anaruka. Maelezo yenyewe ni kwamba alifanyiwa upasuaji kwenye kliniki moja Afrika Kusini, basi, sentensi chache. Aliyeandika ni Gail Simone, yule yule aliyemuandika Oracle vizuri kwa miaka, na alijitahidi, alimpa Barbara majinamizi ya ile risasi, akampa hofu, akampa lile swali gumu la kwa nini mimi nimepona na wengine hawajapona. Lakini uamuzi ulikuwa umeshapita. Wasomaji wanaotumia wilichea waliandika kwa uchungu sana mwaka ule, na kuna watu waliwajibu vibaya, eti mna wivu, mnataka mwenzenu abaki ameumia. Haikuwa hivo. Batgirl wengine walishakuwepo, Cassandra Cain tangu 1999, Stephanie Brown tangu 2009. Wanaoruka maghorofa Gotham hata ukiwahesabu unachoka. Wa kwenye wilichea mwenye timu yake alikuwa mmoja. Ukimsimamisha huyo hujaongeza shujaa, umepunguza.

Miaka ya karibuni jina la Oracle wamemrudishia, ila anatembea, ana kifaa kimewekwa mgongoni. Kwahiyo mwambie mwenzako kijiweni ana haki yake, na wewe unayo ya kwako, alaf tafuteni Birds of Prey za zamani mzisome pamoja.

SWALI (mzazi, Mombasa): Binti yangu, nimeona ulivyoandika toleo lililopita kwamba hupendi shujaa mwenye ulemavu akiponywa mwishoni, na kwa heshima zote sikuelewa. Mgonjwa huombewa apone. Mwanangu wa kiume alipata ajali ya pikipiki, miguu haifanyi kazi hadi leo, na kila sala namuomba Mungu asimame. Wewe wataka watu wabaki na mateso yao?

JIBU: Shikamoo baba. Pole sana, na nampa pole kijana pia. Kwanza niseme hili ili lisipotee katikati ya maneno yangu mengi: dua yako usiiache kwa ajili ya kitu chochote nilichoandika mimi. Mzazi kumuombea mwanae asimame sio kosa, na mwanao akitaka kusimama sio kosa pia. Mimi natembea kwa magongo tangu utotoni, kuna siku nayapenda magongo yangu kama sehemu ya mwili na kuna siku mvua imenyesha, tope limejaa njia nzima, ningeyatupa mtoni. Hisia zote mbili ni za kweli na ni za mtu mmoja.

Ninachogombana nacho ni stori, na ngoja nikuonyeshe kwa nini. Angalia mashujaa wa zamani. Mwaka 1941 alikuja kijana anaitwa Freddy Freeman, anatembea kwa gongo, akitamka jina la Captain Marvel anageuka mwenye nguvu, na gongo linatoweka. Mwaka 1962 akaja Thor wa Marvel, kampuni nyingine kubwa ya komiki, mwanzoni kabisa ni daktari Donald Blake, anachechemea, ana fimbo, akiigonga chini fimbo inakuwa nyundo na yeye anakuwa mungu mrefu mzima miguu yote. Unaona inavyokwenda? Ushujaa unaingia pale pale ulemavu unapotoka, kama vile hivi viwili haviwezi kukaa chumba kimoja. Mtoto wa magongo akisoma hiyo, na mi nimeisoma, anajifunza kwamba yeye ni yule wa kabla, shujaa bado hajafika.

Alaf kuna upande wa pili ambao watu hawausemi sana, na huo unamhusu mwanao moja kwa moja. Mwaka 1963 kwenye Spider-Man alikuja Dokta Curt Connors, daktari wa upasuaji wa jeshi aliyepoteza mkono, anasoma jinsi mijusi wanavyootesha viungo vilivyokatika, anatengeneza dawa, anaijaribu mwilini mwake, mkono unaota kweli, na yeye anageuka mjusi mkubwa anayetaka kuua watu. Mtu alitamani mkono wake tu, akafanywa jini. Hiyo nayo siipendi, tena pengine siipendi zaidi, sababu inamwambia mtu kutamani kupona ni uroho. Kwahiyo komiki nyingi zimempa mtu mwenye ulemavu njia mbili, ama apone ili awe shujaa ama atamani kupona awe adui, na kote huko yeye mwenyewe hajaulizwa.

Waliomuuliza mtu kweli ni wachache. Mwaka 2004 kwenye Astonishing X-Men kuna daktari anaitwa Kavita Rao anatangaza amepata tiba ya watu waliozaliwa na nguvu, na X-Men, kundi la mashujaa waliozaliwa hivyo, wenyewe kwa wenyewe wanagombana, maana Beast, ambaye mwili wake unazidi kuwa wa mnyama na anaogopa akili nayo itafuata, anaitaka ile dawa, na wenzake wanaona akiinywa yeye, msomi wao, watoto wote wa shule yao watajiona uchafu. Wote wana hoja. Sinema ya 2006, The Last Stand, ilichukua wazo hilo, na kuna sehemu Storm, mmoja wa X-Men, anasema hakuna cha kutibu, hatuna ugonjwa. Maneno mazuri. Lakini Storm, yule ambaye kwenye vitabu mama yake ni Mkenya, nguvu yake ni kuamrisha mvua na radi, anaabudiwa kwa ajili yake, na anayesikiliza pale ni Rogue, msichana ambaye akimgusa mtu kwa mkono mtupu anaweza kumuua, hawezi kumshika mpenzi wake. Rogue anakwenda anachoma sindano. Mashabiki wengi walikasirika, wakasema kasaliti. Mimi sikuweza kumkasirikia. Storm alikuwa sahihi kwa mwili wa Storm, na Rogue ana mwili wa Rogue.

Ndo maana nakuomba baba, umuulize kijana wako. Sio umuulize kama anataka kupona, muulize leo anataka nini. Unaweza ukakuta anataka kusimama kama unavyotaka wewe, na unaweza ukakuta anachotaka kwa sasa ni mlango wa choo upanuliwe apite peke yake bila kubebwa, na hiyo fundi wa mtaani anaimaliza kwa siku moja. Vyote viwili vinaweza kwenda pamoja, dua na fundi.

Kuna mtu mmoja alibeba hili jambo lote kwenye maisha yake, Christopher Reeve, aliyecheza Superman kwenye sinema kuanzia 1978. Mei 1995 alianguka kutoka kwenye farasi, akapooza kuanzia shingoni, akawa anapumua kwa mashine. Alitangaza wazi kwamba anataka kutembea tena, akatafuta fedha za utafiti wa uti wa mgongo, akasumbua wanasiasa. Mwanzoni mwa 2000 likatoka tangazo la televisheni, limetengenezwa kwa kompyuta, linamuonyesha anainuka kwenye kiti anatembea, na kuna watu walidhani kapona kweli. Watu wengi wenye ulemavu Marekani walimlaumu, wakasema pesa na macho ya dunia yote yanakimbilia kwenye siku ya kusimama wakati wao leo hii wanahitaji wasaidizi wa nyumbani, kazi, majengo yanayoingilika. Yeye akasema ana haki ya kutumaini. Alifariki Oktoba 2004, hakutembea, na ile taasisi yenye jina lake na la mkewe inafanya mambo yote mawili, inagharamia utafiti na inasaidia watu waishi vizuri walivyo. Mi nawaelewa waliomlaumu na namuelewa yeye pia, na nadhani kosa lilikuwa la sisi watazamaji, tulitaka Superman asimame ili sisi tupumue.

Na kwa sababu umeniandikia kama mzazi, acha niseme na la nje ya komiki. Nyuzi za uti wa mgongo zikikatika haziungi zenyewe kama mfupa unavyounga, na mpaka sasa hakuna hospitali yenye dawa ya uhakika ya kuziunganisha, kwahiyo mtu yeyote atakayekudai fedha akikuhakikishia kijana atasimama, iwe ni kliniki ya nje au ni jukwaa la mkutano, mshukuru uondoke. Hatari kubwa kwa mtu aliyepooza mara nyingi ni vidonda vya mgandamizo na maambukizi ya mkojo. Ageuzwe kitandani usiku kila yanapopita masaa mawili hivi, akiwa amekaa ajiinue kwa mikono mara kwa mara, akalie mto mzuri sio ubao mtupu, ngozi ya makalioni na visigino ikaguliwe kila siku sababu yeye hasikii maumivu, na akianza homa msisubiri. Haya hakuna komiki inayoyachora, na ndo yanayomuweka mtu hai.

SWALI (msomaji, Dodoma): Mambo dada. Daredevil ni kipofu kweli au zuga? Maana anaona kila kitu.

JIBU: Poa. Haoni kweli, tangu kitabu chake cha kwanza cha Aprili 1964, alimsukuma mzee asigongwe na lori, lori lilikuwa limebeba kemikali zenye mionzi zikammwagikia machoni. Lakini swali lako limegusa penyewe. Walimpa masikio yasiyo ya kawaida na ile rada inayomuonyesha umbo la kila kitu kilichomzunguka, kwahiyo kwa matendo ni mtu anayeona na amebeba fimbo nyeupe, ambayo nayo ndani ni silaha. Hii tabia ya kufidia iko kila mahali kwenye komiki, wanamuondolea mtu macho kwa mkono mmoja wanamrudishia kwa mwingine, matokeo yake watu wanaamini kila asiyeona ana masikio ya ajabu na wanashangaa jirani yao akijikwaa kwenye kiti kilichohamishwa. Ninachomheshimu Matt Murdock, ndo jina lake halisi Daredevil, ni pale anapokuwa wakili, anasoma kesi kwa nukta nundu, anabishana mahakamani, hapo hakuna rada.

Na kuna hili la kweli ambalo nalipenda kuliko pambano lake lolote. Aprili 2015 Netflix walitoa tamthilia ya Daredevil, na asiyeona hakuweza kuifuata vizuri, haikuwa na ile sauti ya pembeni inayoeleza kinachotendeka pale watu wanaponyamaza. Stori ya shujaa asiyeona, na wasioona wako nje. Wanaharakati walikuwa wanalipigia kelele hilo tangu zamani, na ndani ya siku chache tu sauti hiyo ikawekwa, Daredevil ikawa ya kwanza pale kwao, zikafuata nyingine. Hakuna aliyetibiwa macho, kilichorekebishwa ni tamthilia.

SWALI (mama, Tanga): Dada habari za kazi. Binti yangu ana miaka tisa, anavaa shimesikio, vile vifaa vya kusaidia kusikia, masikio yote mawili, shuleni wanamuita roboti. Sasa hivi akifika getini anayavua anaweka kwenye begi. Anapenda sana hizi katuni za Marvel. Kuna shujaa yeyote wa kumuonyesha?

JIBU: Nzuri dada yangu, na pole kwa hayo ya shuleni. Yupo, tena kuna kisa cha mtoto karibu sawa na wako. Mwaka 2012 kule jimbo la New Hampshire, Marekani, mtoto wa miaka minne aligoma kuvaa kifaa chake cha sikio, alikuwa anakiita sikio la bluu, sababu yake ni kwamba mashujaa hawavai hivo vitu. Mama yake akawaandikia Marvel. Wakamjibu kwamba Hawkeye alishavaa, na wachoraji wao wakamchorea yule mtoto shujaa mpya, jina Blue Ear, anasikia watu wanaoomba msaada kupitia kile kile kifaa. Mtoto akavaa, akapeleka picha shuleni kwao.

Hawkeye, yule wa mishale, alipoteza sehemu kubwa ya usikivu mwaka 1983, alilipua mshale wa sauti kinywani mwake ili kujiokoa. Miaka ikaenda anavaa vifaa, alaf mwishoni mwa miaka ya 90 wakamrudishia masikio bila hata kuhangaika kueleza sana, lile lile la Barbara. Akaja kupoteza tena, na mwaka 2014 kikatoka toleo namba 19 la Hawkeye, mchoraji David Aja, ambalo sehemu kubwa wanazungumza kwa lugha ya alama za mikono, imechorwa, haijatafsiriwa pembeni. Wanaosikia wakasoma wanabahatisha, viputo vya maneno vitupu, au maneno nusu nusu kama mtu anayesoma midomo, na viziwi wanaojua alama za Marekani wakasoma moja kwa moja. Mara moja tu kwenye maisha, anayesikia ndo akawa nyuma darasani. Toleo hilo ni la watu wazima kidogo kwa stori yake, lisome wewe kwanza.

Kwa binti wa miaka tisa ningeanza na Makkari wa kwenye sinema ya Eternals ya 2021, ana mbio kuliko wote na haongei kwa mdomo, aliyemuigiza Lauren Ridloff ni kiziwi mwenyewe, hakuna mtu anayehangaika kumtibu humo, wenzake tu wameijua lugha yake. Echo pia yuko, Maya Lopez, na muigizaji wake Alaqua Cox ni kiziwi na ana mguu wa bandia, ila tamthilia yake ya 2024 ina damu nyingi, asubiri akue. Na uende ukaongee na mwalimu wa darasa, dada, sababu shujaa wa karatasi hawezi kuwanyamazisha wale watoto getini. Muombe mwalimu binti apewe nafasi mwenyewe aeleze kifaa kinafanyaje kazi, wenzake wakisikie kikipiga ule mluzi, wakiguse. Watoto wakishajua kitu kinavyofanya kazi wengi wao wanaacha.

SWALI (mchoraji, Arusha): Dada mambo vipi, mi nachora komiki yangu ya shujaa wa hapa hapa bongo, dada mmoja wa wilichea anapambana na matapeli wa mashamba. Rafiki zangu wanasema mwisho asimame, ndo itakuwa na hisia. Unasemaje? Na nisikosee nini?

JIBU: Asisimame. Watu wakilia ukurasa wa mwisho walie kwa sababu shamba limerudi.

Nitakupa niliyonayo bila mpangilio. Usimpe kiti kinachoelea. Profesa X wa X-Men yuko kwenye kiti tangu kitabu cha kwanza cha 1963, na miaka imemsimamisha na kumkalisha mara nyingi mpaka msomaji anachoka, 1983 walimpa mwili mpya anatembea, 1991 akavunjwa tena, mbele huko tena na tena, na kwenye sinema ya 2014 anachoma dawa inayompa miguu inamnyang'anya nguvu yake ya kusoma mawazo ya watu, achague. Lakini kinachonikera ni kile kiti chake cha dhahabu cha kuelea hewani, maana kiti kikielea ngazi zinapotea, na ngazi ndo stori yenyewe. Tapeli wako ofisi yake iweke ghorofa ya tatu, jengo halina lifti. Hapo tayari una pambano kabla hajatoka hata mtu na bastola. Tena unaweza kulifanya liwe na meno, sababu Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inataka majengo ya umma yafikike, huyo dada yako anaweza akawakaba kwa kifungu kabla ya kuwakaba kwa ngumi.

Chora kiti chenyewe. Nenda ukakae na watu wanaokitumia, uangalie. Viganja vina sugu. Tairi za mbele zile ndogo zinanasa kwenye kokoto. Konda anasema gari imejaa wakati haijajaa, au anadai nauli ya kiti pia. Kuna wenye zile baiskeli za miguu mitatu za kuzungusha kwa mikono, mikono yao ina nguvu ambayo wewe na mimi hatuna, na humo kwenye hiyo baiskeli mtu anabeba magunia, anauza vocha, anapeleka mtoto shule. Hicho ni chombo cha shujaa, huhitaji kuongeza roketi.

Adui asiwe na kovu usoni wala jicho moja wala mguu wa gongo, komiki zimeshatumia hiyo alama ya ubaya kwa zaidi ya miaka 80 na watu wenye makovu wako mtaani wanaishi na matokeo yake. Tapeli wako mvalishe suti nzuri, atabasamu.

Na washirikishe wenyewe tangu mwanzo, sio ukimaliza. Agosti 2010 kule Damascus, Syria, vijana wenye ulemavu wa Syria na wa Marekani walikaa pamoja wakabuni shujaa wao, Silver Scorpion, kijana Mwislamu aliyepoteza miguu kwa bomu la ardhini, yuko kwenye wilichea na anaamrisha chuma kwa akili yake. Fikiria, hao wangeweza kuota chochote, karatasi ni yao, na hawakumrudishia miguu. Wangemrudishia pia ningewaheshimu, maana ni wao waliochagua.

Nitumie kurasa zako kumi za kwanza, hata kama ni penseli tupu. Na jina la huyo dada umesahau kuniandikia.